Kiwanja Alichopewa Borghild

Borghild alitimiza miaka sabini siku ya Jumatatu, na kaka yake Eilif akampa ardhi.

Hakumpa kwa hotuba. Walikuwa mezani kwake kule Storlia, keki ya malai imeshaliwa nusu, kahawa imemiminwa mara ya pili, ndipo Eilif alipochomoa bahasha chini ya kitambaa cha meza akaisukuma kwa kidole kimoja, kama mtu anayecheza karata.

"Fungua. Haiumi."

Ndani mlikuwa na karatasi ya msajili wa ardhi yenye mhuri. Kile kipande cha chini ya nyumba, penye bustani ya viazi, pale ambapo zamani mama yao alikuwa akianika nguo, sasa kilikuwa mali ya Borghild.

"Kaka, umechanganyikiwa? Na umri huu nifanye nini na kiwanja? Nijenge ghorofa?"

"Jenga hata banda la kuku." Eilif alisafisha miwani yake kwa ncha ya shati, ingawa macho yake yalikuwa yamefika pale ambapo miwani haisaidii sana. "Baba alipokufa, shamba lote lilikuja kwangu kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza. Ndiyo desturi. Wewe ukaondoka na sanduku moja na ule mto wako wa manyoya. Miaka hamsini na miwili, Borghild. Kila nikipita pale bustanini nakuona na lile sanduku. Sasa nimechoka kukuona."

Borghild akasema kahawa ina moto mno, ndiyo maana macho yanamtoka machozi. Eilif akakubali kwamba kahawa ilikuwa na moto mno.

Saa kumi na dakika kumi basi lilipiga honi mara mbili barabarani. Oddvar, dereva, alijua magoti ya Borghild hayapendi kuharakishwa, kwa hiyo alikuwa akipiga honi tangu kwenye daraja, kabla hajafika, ili apate muda wa kuvaa viatu. Hakuna aliyemwagiza. Alianza tu mwenyewe, majira ya baridi yaliyopita.

Basi hilo lilikuwa namba arobaini na sita. Lilipanda Storlia mara mbili kwa siku, na ndilo lililomwezesha Eilif kulala kwenye kitanda alichozaliwa. Daktari alikuwa amemnyang'anya leseni ya kuendesha gari kwa sababu ya macho, na Borghild hakuwahi kujifunza kuendesha. Kwa basi hilo zilifika dawa zake kutoka duka la dawa, na kasha la vyakula kutoka dukani, na Borghild mwenyewe, kila Jumatatu na Alhamisi, na samaki wake wa chumvi ndani ya mfuko. Teksi ilikuwa moja tu wilayani, na mwenye nayo alikuwa mzee kuliko abiria wake. Bila namba arobaini na sita, Eilif asingemaliza hata msimu mmoja wa theluji pale juu.

Na basi hilo lilikuwa linapigiwa kura siku ya Jumatano.

Borghild alikuwa diwani wa Håvarnes kwa mwaka wa kumi na mbili. Mkoa ulikuwa umeandika barua fupi tu: fedha za mabasi zitakwenda mahali ambapo halmashauri yenyewe imepanga watu waishi. Storlia ikibaki kwenye mpango wa ardhi kama eneo la kujenga nyumba, basi litaendelea kupanda. Ikiondolewa, ikaachwa kuwa msitu na malisho, fedha zile zitashuka bondeni.

"Mtashinda?" Eilif alikuwa amemuuliza, akimfungia kipande cha keki cha kwenda nacho.

"Tuko kumi na mmoja."

"Na wao?"

"Kumi."

"Mh. Basi usishikwe na mafua mpaka Jumatano."

*

Ukumbi wa halmashauri ulikuwa na joto kupita kiasi siku hiyo, na madirisha yalikuwa ya kisasa, yale yasiyofunguka. Meya Solfrid Haukenes alikaa mbele na nyundo yake ndogo. Hakuwa mtu mbaya, na Borghild hakuwahi kumfikiria hivyo. Alikuwa anamfahamu tangu akiwa msichana wa shule, wakati Borghild alipokuwa mfagizi wa shule akimkaushia glavu zake juu ya kipasha joto. Sasa Solfrid alikuwa na upande wake, na upande wake ulikuwa bondeni.

Aliyesema kwa nguvu zaidi alikuwa Jostein Lunde, kijana wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu.

"Kwa heshima zote, ndugu madiwani, tunaendesha basi la viti arobaini kwenda Storlia kupeleka gazeti na gunia la viazi."

"Viazi vinashuka, havipandi," Borghild alisema. "Ukitaka kututukana, jua kwanza mambo."

Ukumbi ukacheka. Jostein naye akacheka, akainamisha kichwa kumpa pointi hiyo. Kisha uso wake ukabadilika.

"Sawa, Mama Borghild. Lakini mke wangu anafagia wodi za hospitali ya mjini. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na hakuna basi linalomfikisha. Gari letu likigoma, anatembea barabara kuu gizani na taa kichwani, kama mchimba madini. Wako kumi na wanne wa namna hiyo. Mimi sina ugomvi na Storlia. Chungu cha fedha ni kimoja tu, basi."

Borghild aliitikia kwa kichwa. Alimjua huyo mke. Ndivyo ulivyokuwa ubaya wa jambo lile: hapakuwa na mwongo hata mmoja ukumbini.

Kuhusu Eilif, kila mtu alijua ni kaka yake, na lilikuwa limeshazungumzwa. Katibu wa halmashauri, Vemund, alikuwa amesoma sheria akasema undugu peke yake hauzuii mtu kupiga kura kwenye mpango wa wilaya nzima. Håvarnes yote ni ndugu, alisema. Tukimtoa kila mwenye ndugu, vitabaki viti na meza.

Ndipo Vemund akazima taa na kuiwasha ramani ukutani.

Ilikuwa ramani kubwa, nzuri, na Storlia ilikuwa imekatwakatwa vipande vyenye namba, vile vitakavyoruhusiwa kujengwa iwapo mpango utapita. Borghild alivaa miwani yake kwa furaha kidogo, kwa sababu alipenda kupaona kwao hata kwenye karatasi. Aliliona daraja. Aliuona mteremko. Chini ya nyumba aliona kipande kilichopakwa rangi ya manjano, na ndani yake namba: 14/9.

Namba hiyo alikuwa ameisoma mara nyingi mno tangu Jumatatu. Alikuwa akiitoa karatasi mkobani, anaisoma, anairudisha, kama msichana aliyeandikiwa barua.

Mpaka dakika ile hakuwa ameviona vitu hivyo viwili pamoja. Zawadi ilikuwa zawadi, na mpango ulikuwa mpango. Lakini ramani ilikuwa pale ukutani, na ilisema wazi: Storlia ikibaki eneo la nyumba, bustani ya viazi ya Borghild itakuwa kiwanja cha kujenga chenye bei. Alikuwa anakaribia kuinua mkono kujipa mali.

Hakuna aliyejua. Ramani ilichorwa masika, na karatasi ya msajili ilikuwa na wiki mbili tu. Ilibaki robo saa mpaka kura. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kwa kukaa kimya Borghild hakuwa mgeni. Alimfikiria Eilif akipapasa ukuta wa ukumbi wa nyumba yake, akihesabu milango kwa vidole. Alijua kila kidole kilikopita.

Akainua mkono.

"Mheshimiwa Meya, nina jambo la kusema."

"Sema, Mama Borghild."

"Kiwanja namba kumi na nne kwa tisa, pale chini ya nyumba. Ni changu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Nimepewa zawadi. Ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa."

"Hongera!" mtu mmoja wa nyuma akasema, kwa moyo mweupe kabisa. Kisha maana yake ikaanza kuwaingia mmoja baada ya mwingine.

Vemund alifungua kitabu chake cha sheria, akakifunga, akakifungua tena. "Laiti ungesema jana," alisema polepole. "Tungemwita mbadala wako akae kwenye kiti. Sasa hawezi kufika."

"Jana sikujua kwamba najua," Borghild alisema.

Kwa desturi yao, diwani anayejadiliwa hukaa nje. Borghild akainuka. Solfrid alishuka kutoka mbele akamfungulia mlango mwenyewe, jambo ambalo mameya hawafanyi, na mkono wake ulimgusa kiwiko kidogo tu.

Mlango ulikuwa wa kioo. Kutoka kwenye benchi la nje Borghild hakuweza kusikia, lakini aliweza kuona. Kwanza waliinua mikono wote, wa upande wake na wa upande ule, na akajua ndiyo: abaki nje. Hakuwalaumu. Angeinua mkono vilevile. Baadaye iliinuka mikono ya kuitetea Storlia, akaihesabu: kumi. Ikashuka. Ikainuka mingine: kumi.

Kura zikilingana, ya meya ndiyo inayoamua. Solfrid alikaa kitambo akiitazama ile nyundo. Kisha akaigonga, na midomo yake ikasema maneno machache, na katika safu ya Borghild bibi mmoja akafunika uso.

Jostein ndiye aliyetoka kwanza. Alikuwa amebeba koti la Borghild na mkoba alioacha kitini.

"Nimekuletea vitu vyako, mama."

"Asante, mwanangu."

Alisimama pale, mshindi, hajui pa kuweka mikono. "Ungenyamaza, mngeshinda."

"Najua."

"Mimi sijui kama ningesema. Nimekuwa nikijiuliza pale ndani. Kwa kweli sijui."

"Mungu akusaidie usipate kujua," Borghild alisema. "Nishikie koti, mkono huu hauingii vizuri."

Jostein alimrudisha nyumbani kwa gari lake, kiti cha nyuma kimejaa makombo ya biskuti za watoto. Alipomshusha hakuondoka. Alisubiri na taa zikiwaka mpaka Borghild alipowasha ya jikoni, kisha ndipo akaenda.

*

Alhamisi Borghild alipanda basi kama kawaida. Njiani alifikiria la kumwambia Eilif, na alipofika kwenye daraja alikuwa ameshapata.

"Tumeshindwa, kaka," alisema, akimenya viazi ili asiinue uso. "Kuna mmoja wetu aligeuka dakika ya mwisho."

"Nani?"

"Humjui."

"Mh," Eilif alisema. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, karibu na redio. "Mjinga huyo."

"Huenda alikuwa na sababu zake."

"Wajinga hawakosi sababu. Chumvi umetia?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke ambaye hakuweza kuficha neno moja mbele ya madiwani ishirini alimdanganya kaka yake mbele ya sufuria, na hakupepesa. Angemwambia nini? Kwamba kitakachomtoa nyumbani kwake ni ile bahasha ya chini ya kitambaa? Mzee alikuwa amengoja miaka hamsini na miwili kutua mzigo ule. Borghild hakuwa na moyo wa kumtwika tena.

Majira ya joto yalipita. Ramani mpya ikachapwa, na Storlia ikapakwa kijani kitupu, na katikati ya kijani hicho kiwanja cha Borghild kikawa bado chake, chenye haki ya kuota majani. Mkoa ukatangaza kwamba namba arobaini na sita itapanda mara ya mwisho siku ya mwisho ya Septemba. Nyumba ya wazee bondeni ikampa Eilif chumba kinachotazama maegesho. Oddvar alipewa njia mpya ya hospitali, na kabla hata hajaianza alikwenda kumuuliza mke wa Jostein anasimama wapi hasa alfajiri, ili asimpite gizani. Borghild aliposikia hilo, akafurahi, na furaha hiyo ikamuuma.

Siku ya mwisho alifika na basi la asubuhi. Sanduku la Eilif lilikuwa limeshafungwa, lakini mwenyewe hakuwa ndani. Alikuwa bustanini amepiga magoti, anapapasa udongo.

"Viazi vyako," alisema. "Huwezi kuviacha chini. Lete ule uma wa kuchimbia."

Wakachimba. Borghild aliinua udongo kwa uma, na Eilif akawa anavitafuta kwa vidole, anavipangusa kimoja kimoja, anaviweka ndooni. Vidole vyake vilijua kiazi na jiwe bila macho. Walifanya mistari mitatu.

"Borghild."

"Ee."

"Yule aliyegeuka. Nilimsikia."

Uma ukabaki ardhini.

"Redio ya wilaya ilitoa kikao chote," Eilif alisema. "Sijawahi kusikiliza upuuzi huo maisha yangu. Siku ile nilisikiliza, kwa sababu dada yangu alikuwa anakwenda kushinda. Nilikuwa hata nimejimiminia kikombe cha pili. Nikasikia unasema, nimepewa zawadi."

Borghild alikaa chini palepale, kwenye udongo, na sketi yake nzuri. "Mbona hukuniambia? Miezi yote hii!"

"Ulikuja umeubeba uongo wako kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba keki. Ningekugonga mkono kweli?"

"Kaka."

"Haya, lia taratibu, udongo huu umelowa tayari."

Borghild akacheka huku analia, na Eilif naye akacheka kidogo, kisha wote wawili wakaacha. Upepo ulikuwa umeanza kubeba ubaridi kutoka mlimani.

"Ungenyamaza, nani angejua?" Eilif aliuliza. Hakuuliza kwa ukali.

"Kila mara ambayo ningepanda hapa, ningejua mimi."

"Mh."

"Ungependa lipi, Eilif? Useme kweli. Dada uliye naye, au lile basi?"

Alikipangusa kiazi kimoja kwa muda mrefu sana, mpaka kikang'aa.

"Lile basi," alisema. "Leo, lile basi. Usiniulize leo, Borghild. Niulize mwakani."

Hakumlaumu. Alimsogelea akamfungia kifungo cha juu cha sweta, kwa sababu kilikuwa kimefunguka, naye akamwacha afunge. Kisha wakamaliza mstari wa nne.

Saa kumi Borghild hakusikia honi kwenye daraja. Oddvar alikuwa ameacha barabara, jambo lililokatazwa kabisa, akaliingiza basi lote na urefu wake ndani ya ua, na likasimama mbele ya ngazi kama gari la harusi. Alishuka amevaa tai. Alibeba sanduku, na kiti cha dirishani, na redio, na mara zote tatu alifuta miguu mlangoni kabla ya kuingia.

"Nifunge mlango, mzee? Ufunguo uko wapi?"

"Sijui. Hatujawahi kuwa nao."

Oddvar akautazama mlango, akautazama mlima, akauvuta tu mpaka ukagota. Borghild akaukaza kwa mkanda wa gunia kwenye kitasa, usije ukapigwa na upepo.

Eilif alipanda peke yake, akikataa mkono. Alisimama mbele ya kiti cha dereva, kama alivyosimama tangu zamani, baba yake Oddvar alipokuwa dereva, akatoa pochi.

"Bondeni?" Oddvar aliuliza.

"Bondeni. Kwenda na kurudi."

Lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Borghild aliyekuwa nyuma yake na ndoo ya viazi aliganda kwenye ngazi. Oddvar alimtazama Borghild, na Borghild akamtazama Oddvar. Hakukuwa na basi la kurudi, wala kesho, wala mwakani.

Oddvar akageukia mashine yake, akabonyeza polepole, na tiketi mbili zikatoka.

"Kwenda na kurudi," alisema. "Karibu, mzee wangu. Kaa upande wa kulia, jua liko huko."

Eilif alizishika zote mbili karibu sana na uso. Vidole vyake vikasita juu ya ile ya pili. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

Borghild alikaa kando yake, akaiweka ndoo katikati ya miguu yao ili viazi visimwagike kwenye kona.